Bomba likitoa maji kama uzi: tupime kwanza kabla ya kulaumiana

Katika toleo hili tuzungumze juu ya jambo linalotusumbua sana katika kambi yetu ya Nyarugusu, hasa wakati wa kiangazi. Unafika bombani alfajiri, unafungua koki, maji yanatoka kama uzi. Dumu moja, ambalo wengine tunaliita bidoni, linajaa kwa muda ambao mtu angeweza kusonga ugali na kula. Nyuma yako foleni inazidi kuwa ndefu, watoto wanachelewa shule na maneno makali yanaanza.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea. Nilizaliwa hapahapa kambini na hapa ndipo niliposoma. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kuzungumza na familia kuhusu choo, kunawa mikono, chandarua na maji salama. Sikusomea ufundi wa bomba. Lakini kiangazi kimoja maji ya kituo chetu yalipungua nguvu, na katika kutafuta sababu nilijifunza mambo ambayo sikufundishwa darasani. Moja kati ya hayo lilinitia aibu. Na hilo pia nitalieleza, kwa sababu linaweza kumsaidia mtu mwingine asirudie kosa langu.

ILIVYOANZA

Kituo chetu cha kuchotea maji kina mabomba sita. Siku za kawaida foleni ya asubuhi inakwisha mapema. Mwezi wa Agosti tukaanza kuona maji yanapungua. Wiki ya kwanza watu walivumilia. Wiki ya pili akina mama walianza kupanga madumu tangu usiku. Wiki ya tatu wasichana wawili walipigana bombani, mmoja akapasuliwa mdomo kwa kifuniko cha dumu.

Kila mtu alikuwa na mtu wa kumlaumu. Kijiji cha jirani kiko juu yetu, karibu na tenki. Mama mmoja alisema, "Wale wa juu wanachota mpaka wanamwagilia mchicha, sisi huku tunalamba koki." Wengine walisema fundi amefunga maji makusudi. Vijana wakaanza kunong'ona kwamba wachimbe usiku, walitoboe bomba huko juu wapate maji yao.

Mzee mmoja wa kamati ya maji aliwasikia. Aliwaambia, "Wanangu, bomba ni la wote. Mkilitoboa leo, kesho na mama zenu watakunywa uchafu." Vijana walinyamaza, lakini hawakuridhika.

Siku hizohizo nikiwa katika kazi yangu ya kutembelea nyumba, nilikuta watoto wanne wanaharisha katika klasta moja, wote ndani ya siku tano. Mdogo kuliko wote alikuwa hajatimiza mwaka. Macho yalikuwa yameingia ndani, na akilia hatoi machozi. Nilimwambia mama yake, "Mama, twende zahanati sasa hivi, tusingoje jioni." Tukaenda pamoja, mimi nimebeba dumu lake la maji na yeye kambeba mtoto. Usiku ule sikulala vizuri. Wote tunakumbuka mwezi Mei mwaka 2015, kipindupindu kilipowakuta wenzetu waliokimbia Burundi na kukusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko Kagunga na Kigoma watu wapatao 30 walipoteza maisha. Mahali penye watu wengi na maji machache, ugonjwa hauhitaji muda mrefu.

TULIVYOPIMA

Asubuhi iliyofuata nilimwendea yule mzee. Nikamwambia, "Baba, tukienda kwa wenye mradi wa maji na kusema tu bomba ni baya, watatuandika kwenye daftari na kutuambia tungoje. Tuwapelekee hesabu." Alikubali. Tulichukua dumu la lita 20 na simu yenye saa, tukaanza kupima.

Kituo chetu: dumu moja lilijaa kwa dakika 7. Mabomba yote sita yalikuwa vilevile.

Kituo cha kijiji cha juu: dumu moja lilijaa kwa dakika 3 kasoro kidogo.

Hapo ndipo mzee alipotikisa kichwa. Ndugu msomaji, elewa jambo hili, kwa sababu wengi tunalikosea. Maji yanapigwa na pampu mpaka kwenye tenki lililo mahali pa juu. Kutoka hapo yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Kadiri bomba lako lilivyo chini ya tenki, ndivyo maji yanavyosukuma kwa nguvu zaidi. Kila mita 10 za kushuka huongeza nguvu ambayo mafundi wanaiita baa 1. Kwa hiyo kwa kawaida wa chini ndio wanaopata maji ya nguvu, na wa juu ndio wanaoteseka wa chini wanapofungua koki zote kwa pamoja.

Basi kama wa juu wana maji ya kutosha na wa chini hawana, sababu haipo kwenye tenki. Tena si rahisi kusema jirani anatunyima. Sababu ipo njiani, kati ya kituo chao na chetu. Ama kuna koki ya njia iliyofungwa nusu, ama kuna kitu kimeziba, ama maji yanamwagika mahali.

Tulipeleka hesabu zetu. Siku ya pili alikuja fundi pamoja na mtu wa kupima klorini. Huyu ana kichupa kidogo. Anatia maji na kidonge cha kupimia, na kama klorini imo maji hugeuka rangi ya waridi. Kiasi kinachotakiwa bombani ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kule juu maji yaligeuka waridi. Kwetu, maji ya kwanza ya asubuhi yalibaki meupe kama yalivyotoka. Fundi aliangalia kile kichupa, akasema, "Hapa kuna kitu kinaingia ndani ya bomba."

SHIMO LA UDONGO

Tulifuata njia ya bomba kwa miguu kutoka juu kuja chini. Fundi alitwambia tuangalie mahali penye majani mabichi wakati kwingine kumekauka, matope yasiyo na sababu, au sauti ya maji chini ya ardhi.

Hatukwenda mbali. Nyuma ya nyumba za klasta yetu kuna mashimo ambayo watu wanachimba udongo wa kufyatulia matofali. Shimo moja lilikuwa na maji mpaka katikati, na kando yake nyasi zilikuwa za kijani. Bata walikuwa wanaogelea ndani. Pembeni palikuwa na kinyesi cha mtoto.

Nilipoliona shimo lile miguu iliniishia nguvu. Nililitambua. Mwezi wa Julai mimi na kaka yangu ndio tulilichimba, tulipokuwa tunafyatua matofali ya kumjengea mama jiko. Jembe la kaka liligonga kitu cheusi. Aliuliza, "Huu si mzizi?" Mimi nikasema labda ni mzizi. Tulikirudishia udongo kidogo tukaendelea upande wa pili. Maji hayakutoka, kwa sababu ilikuwa mchana, saa ambayo njia ya kwetu inafungwa. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Fundi alipofukua alikuta bomba jeusi la plastiki lina mpasuko wa jembe. Mwanzo bila shaka ulikuwa mdogo, ukaendelea kupanuka kila maji yalipofunguliwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Akatueleza kwa maneno mepesi: bomba lenye maji ya nguvu husukuma nje, bomba tupu hunyonya ndani. Maji yakifunguliwa, sehemu kubwa ilikuwa inamwagika shimoni, ndiyo maana sisi tulipata uzi tu. Maji yakifungwa, bomba linabaki tupu, na yale maji ya shimo, pamoja na kinyesi cha bata na cha watoto, yalikuwa yanarudi ndani kupitia mpasuko uleule. Asubuhi anayewahi kuchota ndiye anayeyapata. Na sisi tulikuwa tunawasifu wanaowahi.

Siwezi kusema kila mtoto aliyeharisha aliugua kwa sababu ya shimo lile. Maji yakiwa haba watu hupunguza kunawa mikono, na hilo peke yake linaleta kuharisha. Lakini siwezi kusema pia kwamba shimo halikuhusika.

Nilifikiri ninyamaze. Hakuna aliyetuona tukichimba, na mashimo pale ni mengi. Mimi ndiye ninayepita kwa watu kuwaambia wafanye hivi na vile, sasa watanisikilizaje? Jioni nilimwendea mzee nikamweleza yote. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, umesema mwenyewe. Basi na mkutanoni utasema mwenyewe."

Mkutanoni nilisema. Kaka alinikasirikia siku mbili. Vijana wengine walicheka. Mama wa yule mtoto mdogo hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu, "Na sasa maji ni salama?" Nilimjibu kwamba fundi amekata sehemu mbovu, ameunga bomba jipya, ameisafisha njia kwa klorini na kuyamwaga maji ya kwanza, na kwamba kichupa sasa kinageuka waridi. Akasema, "Haya." Mtoto wake alipona, na wale wengine watatu pia, tunamshukuru Mungu. Mimi na kaka tulilifukia shimo kwa siku mbili, tukaweka mawe juu ya njia ya bomba ili kila mtu aione.

Siku iliyofuata tulipima tena. Dumu lilijaa kwa dakika 2 na sekunde 40.

KWA NINI DAKIKA NI MUHIMU?

Wengine watauliza, dakika chache zina tatizo gani? Tupige hesabu. Dumu likijaa kwa dakika 3, bomba moja linatoa madumu 20 kwa saa. Mabomba sita yanatoa madumu 120. Dumu likijaa kwa dakika 7, mabomba hayohayo sita yanatoa kama madumu 51 tu. Madumu karibu 70 yamepotea kila saa, na watu ni walewale.

Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada hutumia duniani kote, zinasema kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na bomba moja lisitumiwe na watu zaidi ya 250. Hesabu hiyo inategemea bomba linalotoa lita 7 na nusu kwa dakika, yaani dumu la lita 20 kwa muda usiofika dakika 3. Shirika la UNHCR lina lengo la lita 20 kwa kila mtu. Kwa hiyo ukiona dumu linazidi dakika 3, ujue watu wa kituo chenu wanaanza kukosa haki yao.

Tukumbuke pia kwamba kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliotoka Kongo. Mwaka 2015 tulipowapokea wenzetu wa Burundi, idadi ya watu iliongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miezi michache. Mahali penye watu wengi namna hii, tone moja linalopotea ni la mtu fulani.

FANYA HIVI MAJI YAKIPUNGUA NGUVU

1. Pima. Chukua dumu la lita 20 na saa. Andika dakika, siku na saa uliyopima.

2. Linganisha mabomba ya kituo kimoja. Kama ni bomba moja tu lenye shida, kosa lipo kwenye koki: mchanga umeziba, au mpira wa ndani umekwisha. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa fundi.

3. Linganisha na vituo vya jirani, cha juu na cha chini. Kama vyote ni dhaifu, huenda tenki halijajaa au pampu ina shida. Kama ni chenu tu, sababu ipo njiani karibu nanyi.

4. Linganisha saa. Kama maji ni ya nguvu alfajiri na yanafifia baadaye, huenda watu wengi wamefungua kwa pamoja au tenki linakwisha. Kama ni dhaifu saa zote, shuku mpasuko au kuziba.

5. Sikiliza bomba. Likikohoa na kutema maji kwa vipande, hewa imeingia njiani. Acha koki wazi kidogo mpaka litulie, na maji ya kwanza usiyanywe.

6. Tembea juu ya njia ya bomba. Tafuta matope, majani mabichi na mashimo. Ukiona bomba limejitokeza kwa sababu ya mmomonyoko wa mvua, litolee taarifa kabla halijavunjika.

7. Toa taarifa kwa mjumbe wa kamati ya maji au mwenyekiti wa kijiji. Sema: kituo gani, mabomba mangapi, dakika ngapi, tangu lini. Asipojibu, rudi tena na daftari lako.

USIFANYE HAYA

Usitoboe wala kukata bomba. Usifyonze koki kwa mdomo wala kwa kipande cha mpira ili maji yaje. Usizikaze kwa jiwe au kamba koki za kubonyeza, kwa sababu zinavunjika na maji yanamwagika bure. Usichimbe udongo, shimo la taka au choo bila kumuuliza mjumbe wa maji njia ya bomba inapita wapi. Na ukigonga kitu cheusi ardhini, usiseme ni mzizi. Simama, kaite mtu.

NYUMBANI SIKU ZA MAJI HABA

Akina mama na akina baba, maji yakiwa machache tuyapange. Kwanza ya kunywa na kupika. Pili ya kunawa mikono kwa sabuni: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Kibuyu chirizi kinasaidia sana, kwa sababu familia nzima inanawa kwa maji kidogo. Kufua kunaweza kungoja siku mbili.

Usichote maji ya kunywa mtoni au shimoni kwa sababu foleni ni ndefu. Ikibidi, yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kama ulivyoelekezwa na ungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Weka maji ya kunywa kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko. Usichovye kikombe wala mkono ndani ya ndoo.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko. Kama huna pakiti, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, huku unajiandaa kwenda zahanati. Huko atapewa pia vidonge vya zinki, na avimalize siku zote alizoandikiwa hata kama ameacha kuharisha. Ukiona kinyesi kama maji ya mchele, macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, usingoje. Mkimbize, iwe mchana au usiku.

Ndugu wasomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Kituo chetu sasa kina daftari limefungwa kwa kamba kwenye nguzo, na kila Jumatatu mtu mmoja anapima dumu na kuandika dakika. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu: dakika 2 na sekunde 50. Tunaendelea kuangalia. Je, kituo chenu dumu linajaa kwa dakika ngapi? Kesho asubuhi nenda na saa.

Tukutane toleo lijalo.